Kinyama cha utumbo kikikutwa na saratani: Ukatwe tena au usubiri?

Umetoka Bunda na barua ya rufaa hadi Bugando, Mwanza. Umekunywa dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha, umelazwa ubavu, ukaingizwa mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa, na daktari akakuta kinyama kimening'inia ndani ya utumbo mpana. Akakikata palepale. Ukapanda basi kurudi nyumbani ukijua shughuli imekwisha. Wiki kadhaa baadaye unaitwa kuchukua majibu: ndani ya kinyama kile kumeonekana saratani.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kugongana. Daktari mmoja anakwambia kinyama kimetoka chote, rudi baada ya miezi mitatu tuangalie tena. Mwingine anasema lazima ufanyiwe upasuaji mkubwa, kipande cha utumbo kiondolewe. Nyumbani kaka yako yuko tayari kuuza ng'ombe, shangazi anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na jirani ana mti wake wa kienyeji anaoujua yeye. Nani wa kumsikiliza?

Miaka ya nyuma swali hili lilikuwa halifiki Mara kabisa. Mgonjwa alikuwa anagundulika tumbo likiwa limeshaziba au ini limeshavimba, na hapo hakuna cha kuchagua. Sasa vipimo vya kamera vinaanza kufikika, na vinakuta ugonjwa ukiwa mdogo. Hiyo ni habari njema, ila imekuja na uamuzi mgumu ambao wagonjwa wengi hawakuandaliwa kuufanya.

Tuanze na kinyama chenyewe. Wataalamu hukiita polipu. Ni ngozi laini ya ndani ya utumbo iliyoota kupita kiasi. Vingine vina kichwa na shina kama uyoga, vingine vimekaa bapa ukutani kama kiraka. Vingi havina madhara na havitageuka kuwa saratani maisha yako yote. Vichache hugeuka, na kwa kawaida safari hiyo huchukua takribani miaka 10. Ndiyo maana kukikata mapema ni kinga ya kweli.

Saratani huanzia tabaka la juu kabisa la ukuta wa utumbo. Ikiwa bado iko hapo, hata karatasi ikiandikwa maneno ya kutisha, seli hizo hazina njia ya kusafiri, na kukata kinyama kumemaliza kazi. Mambo hubadilika seli zinapopenya kuingia tabaka la pili, kwa sababu humo mna mishipa ya damu na ya limfu. Mishipa ya limfu ndiyo inayopeleka seli kwenye mitoki, na kutoka hapo zinaweza kwenda ini na mapafu. Daktari akikwambia kinyama chako kina saratani, swali lako la kwanza liwe hili: imepenya tabaka la pili au bado iko juu?

Kama imepenya, usikate tamaa. Mwaka 1985 Rais wa Marekani wakati ule, Ronald Reagan, alikutwa na kinyama kikubwa upande wa kulia wa utumbo mpana akiwa na miaka 74. Kilikuwa kikubwa mno kutolewa kwa kamera, akafanyiwa upasuaji na kuondolewa kipande cha utumbo. Majibu yalionyesha saratani. Aliendelea na urais hadi 1989 na akafariki mwaka 2004 akiwa na miaka 93, kwa maradhi mengine. Upande wa pili tunamkumbuka jirani yetu Ken Okoth, mbunge wa Kibra nchini Kenya, aliyetangaza hadharani mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Ugonjwa wa aina moja, hatua tofauti.

Takwimu za Marekani zinaeleza jambo hilohilo kwa ujumla: saratani ya utumbo mpana ikikutwa bado iko ndani ya utumbo, watu takribani tisa kati ya 10 wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikikutwa imeshafika kwenye viungo vya mbali, wanabaki chini ya wawili kati ya 10. Namba hizo ni za nchi yenye hospitali nyingi, lakini mwelekeo wake ni uleule hata kwetu. Na kinyama chenye saratani, kwa maana tunayoizungumzia leo, kipo katika kundi la kwanza, tena mwanzoni kabisa mwa kundi hilo.

Sasa turudi kwa wale madaktari wawili. Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu jibu linategemea maelezo ya maabara na si jina la ugonjwa. Ukichukua wagonjwa wote ambao kinyama chao kilikuwa na saratani iliyopenya tabaka la pili, takribani mmoja kati ya 10 anakuwa na seli zilizokwishafika kwenye mitoki. Tisa hawana. Upasuaji mkubwa unafanywa kwa ajili ya yule mmoja, na shida ni kumtambua ni nani.

Mtaalamu wa patholojia, yule anayeangalia kipande chako kwa hadubini, ndiye anayesaidia kumtambua. Anaangalia kama ukingo uliokatwa ni safi, yaani kuna angalau milimita moja ya nyama nzima kati ya saratani na mahali kisu kilipopita. Anaangalia kama seli zimepoteza kabisa sura ya seli za utumbo, kwani hizo huwa na hasira zaidi. Anatafuta kama zimeingia ndani ya mshipa wa damu au wa limfu, kama zinajitenga vikundi vidogovidogo kwenye ukingo wa uvimbe, na zimezama kiasi gani. Kinyama chenye shina kama uyoga, saratani ikiwa kichwani, ukingo safi na hakuna dalili mbaya, hatari ya mitoki ni chini ya mtu mmoja kati ya 100. Kilichokaa bapa na saratani imezama hadi chini ya tabaka la pili, hatari inaweza kufika watu wawili kati ya 10.

Kwa mgonjwa wa kwanza, kumpasua ni kumtafutia balaa. Upasuaji wa utumbo si mchezo. Hata katika hospitali zenye uzoefu, wachache kati ya kila wagonjwa 100 hupoteza maisha, na wengine mshono huvuja wakarudishwa chumba cha upasuaji. Hatari hupanda kwa mzee wa miaka 80, mwenye moyo dhaifu au kisukari kisichotulia. Kwa mgonjwa wa pili, hasa akiwa na miaka 45 na afya njema, kuacha mitoki bila kuondolewa ni kamari mbaya.

Upasuaji wenyewe unafanyikaje? Daktari huondoa kipande cha utumbo palipokuwa na kinyama pamoja na mitoki inayokizunguka, kisha huunganisha ncha mbili. Mitoki isiyopungua 12 inatakiwa kuangaliwa na maabara. Ikikutwa safi, hakuna haja ya dawa za saratani, kazi inayobaki ni ufuatiliaji. Ikikutwa na seli, utaanzishiwa dawa hizo, ambazo watu wengi huziita kemo, kwa miezi mitatu hadi sita. Kama kinyama kilikuwa puru, yaani sehemu ya mwisho karibu na tundu la haja, uamuzi ni mgumu zaidi, maana upasuaji huko unaweza kumfanya mgonjwa atolewe njia ya choo tumboni na kuvaa mfuko, kwa muda au moja kwa moja. Wapo wanaoweza kukatwa kidogo kupitia njia ya haja kubwa yenyewe, na wapo wanaosaidiwa na mionzi. Mionzi kwa watu wa Kanda ya Ziwa inapatikana Bugando, na kwa Dar es Salaam ni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kuhusu kisu kusambaza saratani, maneno haya yanaua watu. Yalitokana na kuona wagonjwa wakipasuliwa na kufariki muda mfupi baadaye. Walifariki kwa sababu walifika ugonjwa umeshasambaa, na upasuaji ndiyo uliofunua kilichokuwapo.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailioni, na mtu wa Butiama analiona vizuri. Miongozo hiyo inaposema "subiri na ufuatilie", inamchukulia mgonjwa kuwa ni mtu anayeweza kurudi. Ufuatiliaji maana yake ni kupimwa tena kwa kamera miezi mitatu hadi sita baada ya kukatwa, kuangalia kama pale palipokatwa pamebaki kitu, halafu tena baada ya mwaka, na kuendelea kwa miaka. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Weka nauli, malazi, dawa ya kusafisha tumbo, gharama ya kipimo na msindikizaji, kisha rudia mara tatu au nne. Mgonjwa anayeambiwa asubiri na asirudi hajachagua matibabu nafuu, ameachwa bila matibabu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kama majibu ya maabara ni mazuri kabisa, baki na ufuatiliaji hata kama utarudi mara moja tu kile kipimo cha miezi mitatu hadi sita, hicho usikikose. Kama majibu yana dalili mbaya iliyo wazi na mwili wako una nguvu, nenda kwenye upasuaji. Kama yako katikati, mwambie daktari ukweli wa maisha yako: unakaa wapi, una bima au huna, nani atakusindikiza. Kwa mtu mwenye umri mdogo ambaye anajua hatarudi, upasuaji mmoja unaweza kuwa salama kuliko ahadi ya kufuatiliwa. Kwa mzee ambaye miaka yake iliyobaki inahesabika kwa sababu ya moyo au figo, kumwacha na utumbo wake mzima ni uamuzi wa heshima, na wala si kumtelekeza.

Hayo yote yanawezekana tu ikiwa kinyama kilitolewa na kuhifadhiwa vizuri. Kikitolewa vipandevipande, mtaalamu hawezi kusema ukingo ulikuwa safi au la, na mgonjwa anaweza kupelekwa upasuaji kwa sababu tu hakuna aliye na uhakika. Hivyo kabla hujalazwa kwa kipimo, muulize daktari kwa adabu: ukikuta kinyama unachokitilia shaka, utakitoa kizima? Utaweka alama ya wino ukutani pale kilipokuwa? Alama hiyo ni muhimu mno. Kidonda kidogo cha utumbo hupona ndani ya wiki chache, na daktari wa upasuaji akifungua tumbo bila alama hajui akate wapi. Kisha uliza kipande kinapelekwa maabara gani na majibu yatatoka lini, uandike namba yake. Kipande kilichopotea njiani hakina mbadala.

Nirudi nyuma kidogo, kwa wale ambao bado hawajapimwa. Takwimu za Ocean Road zilionyesha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wakiongezeka mara kadhaa katika muongo ulioishia mwaka 2015. Suala la wagonjwa wa saratani kutoka Kanda ya Ziwa limeshaibuliwa bungeni zaidi ya mara moja. Nchi yetu haina mpango wa taifa wa kuwapima watu wazima wote saratani hii, kama ulivyo ule wa mlango wa kizazi. Kwa hiyo anayegundulika mapema ni yule anayesumbuliwa na dalili ndogo na kukataa kuipuuza.

Na dalili kubwa ni damu kwenye choo. Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, dalili hii ina wenyewe wengi. Kichocho cha tumbo kimejaa kwenye vijiji vya wavuvi, nacho huleta choo chenye damu, na hata huotesha vinyama vyake ndani ya utumbo, ambavyo si saratani. Ipo amiba, ipo bawasiri. Mvuvi wa Musoma akiona damu anapewa prazikwanteli, na mara nyingi ndivyo inavyopaswa. Kosa linaanza pale damu inaporudi, anapewa tena, inarudi, anapewa dawa ya bawasiri, na mwaka unapita hakuna aliyemwingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa kumpima. Kipimo hicho cha kidole hakihitaji umeme wala kamera, kinafanyika hata kituo cha afya, na uvimbe mwingi wa puru unagusika. Ukitibiwa kichocho au bawasiri na damu haijakata baada ya wiki chache, usikubali dozi ya tatu. Omba upimwe kwa kidole na upewe rufaa.

Dalili nyingine inajificha. Mwanaume mtu mzima, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, damu imepungua na hakuna sababu inayojulikana. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, inapanda, inashuka tena. Utumbo wa kulia unaweza kuvuja damu kidogokidogo kwa miezi bila wewe kuona chochote chooni. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo husaidia, ingawa kwetu kichocho na safura vinaweza kukifanya kionyeshe ndiyo bila saratani. Ongeza hapo kubadilika kwa choo kwa wiki nyingi, choo kuwa chembamba, kukonda bila sababu.

Pa kuanzia ni karibu. Musoma kuna Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, lile jengo lililosimama miongo kadhaa bila kukamilika kabla ya kufunguliwa. Si vibaya kukumbuka kwamba Mwalimu mwenyewe, mtoto wa Butiama, saratani ndiyo iliyomwondoa mwaka 1999, ingawa yake ilikuwa ya damu. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zinazozunguka hospitali za halmashauri tangu mwaka 2024, nazo ni nafasi ya kumwona daktari wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani bila kuvuka wilaya. Piga simu au mtume kijana aulize kabla ya kusafiri: kipimo cha kamera kinafanyika siku gani, mashine ni nzima, na bima yako inakilipia?

Fedha ndiyo inayoamua mengi, tusidanganyane. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mwenye kadi afike nayo mapema kuuliza kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi, kwa sababu kipimo cha kamera, maabara na upasuaji ni bili tatu tofauti. Asiye na kadi aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa, siyo siku ya kuruhusiwa. Ukiuza ng'ombe, usimalize fedha yote kwenye safari ya kwanza. Bakiza ya kwenda kuchukua majibu na ya kipimo cha kurudia.

Wazazi nao wana hofu yao. Mtoto wa miaka mitatu hadi 10 anayetoa damu nyekundu chooni bila maumivu mara nyingi ana kinyama cha utotoni, kimoja tu, kisicho saratani. Kikitolewa imekwisha. Wakati mwingine hukatika chenyewe na mzazi hukiona kwenye choo akashtuka. Msimpe mtoto dawa za bawasiri. Bawasiri kwa watoto ni nadra. Vikiwa vinyama vitano au zaidi, hilo ni jambo jingine, anahitaji kufuatiliwa na bingwa.

Zipo pia familia chache ambazo vinyama vinarithiwa. Katika aina moja, kijana huota mamia ya vinyama kabla ya kufika miaka 20, na asipoondolewa utumbo mpana karibu kila mmoja hupata saratani kabla ya uzee. Watoto wa familia hizo huanza kupimwa wakiwa na miaka 10 hadi 12. Kwa familia ya kawaida ambayo mzazi, kaka au dada amekutwa na saratani ya utumbo, wengine waanze kupimwa wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika ndugu yao, ipi inatangulia. Aliyegundulika na miaka 42, wadogo zake waanze wakiwa na 32. Kwa hiyo ile karatasi ya majibu ya maabara usiiache kwenye faili la hospitali peke yake. Itoe nakala uwagawie ndugu zako, kwa sababu mdogo wako akifika kwa daktari, ataulizwa ulikuwa na umri gani na kilikutwa nini.